MX Hakufanya Mtihani

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Januari, tovuti ya kambi yetu ilikuwa hai kwenye simu ya Mwenyekiti na imekufa kwenye simu ya Mweka Hazina. Walikuwa wamekaa benchi moja, bega kwa bega, nje ya jiko la kambi, wakingoja chai ya kikao.

"Mimi naiona," alisema Mwenyekiti. "Mahema haya hapa. Hata jogoo wa Meneja anaonekana."

"Mimi naambiwa ukurasa unatengenezwa," alisema Mweka Hazina. "Tangu jana unatengenezwa. Fundi gani huyo?"

"Tatizo ni laini yako, mama. Nilikwambia ile laini ni ya watu wa bondeni."

"Bondeni ndiko kwenye vitunguu, na vitunguu ndivyo vilivyokukopesha hela ya mbegu. Heshimu bonde."

Kambi yenyewe ni mahema manane, jiko moja na mabafu mawili, kando ya barabara inayotoka Karatu kuelekea Rhotia. Ni mali ya familia kumi na moja zilizochanga. Meneja wake ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, aliyeacha kazi ya upishi katika hoteli ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ili aje kupika hapa kwa mshahara unaolipwa wageni wakija na kusahauliwa wasipokuja. Mimi nina duka la steshenari mjini, na ndimi niliyekabidhiwa tovuti. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa Oldeani, na shule niliiacha mapema. Kompyuta nilijifunza kwa kusoma vile vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, ambavyo watu wengine hufungia maandazi.

Mwezi huo wa Januari jambo moja lilikuwa linaamuliwa. Mtu mmoja mwenye malori alitaka kukodi kiwanja chetu akigeuze kuwa maegesho. Alikuwa tayari kulipa kodi ya mwaka mzima, na baadhi ya wanachama walianza kuyaonea malori huruma kwa kukosa pa kulala. Mkutano mkuu ukakubaliana hivi: Meneja akipata mkataba wowote wa wageni kabla Januari haijaisha, kambi inaendelea. Asipopata, mahema yanauzwa na malori yanaingia. Tarehe thelathini na moja iliangukia Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Wakala mmoja wa Uholanzi, mwanamke aliyeishi Arusha miaka mingi, alikuwa amemwahidi shemeji makundi mawili ya walimu, moja la Juni na jingine la Agosti. Mkataba ungekuja wiki hiyo, kwa barua pepe ya kambi.

Ndiyo maana simu ya Mweka Hazina ilinitia wasiwasi kidogo, ingawa sababu niliijua. Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa tumeihamisha tovuti kutoka kampuni moja ya kuhifadhi tovuti kwenda nyingine, kwa kuwa mwenye ile ya kwanza alipokea simu siku za kulipwa tu. Nikawaeleza wajumbe kwa mfano wa hapa hapa. Karatu nyumba hazina namba. Mgeni akitaka kwa fulani, anauliza dukani, na kila duka linajibu lilichosikia mara ya mwisho. Ukihama leo, duka la karibu litamwelekeza kwako kupya, na la mbali litaendelea kumpeleka kwako kwa zamani mpaka habari zilifikie. DNS ndiyo hayo maduka. Kampuni ya simu ya Mwenyekiti imeshasikia kwamba tumehama, na ya Mweka Hazina bado.

"Kwa hiyo mimi napewa umbea wa jana," alisema Mweka Hazina.

"Ndiyo, mama. Utachacha wenyewe, na mpya utakuja."

"Sitaki kungoja. Tumelipa. Hicho kitu tulicholipia kifunguliwe tukione."

Katibu akaunga mkono hoja. Katibu ana duka la pembejeo karibu na stendi, na hakuna hoja ambayo hajawahi kuiunga mkono ikiwa inarefusha kikao.

Kufungua paneli ya tovuti yetu, yaani chumba chake cha mitambo, si jambo la mtu mmoja. Katiba ya kikundi tuliiazima kwa kikundi cha mashine ya kusaga, tukabadilisha kila palipoandikwa "mashine" pakawa "kambi". Ibara ya tisa tuliisahau, na hadi leo wageni wetu wanatakiwa kisheria kuja na mahindi makavu. Katika katiba hiyo kila mali ya kikundi ina watia saini watatu, kama benki. Kwa hiyo neno la siri la paneli lilikatwa vipande vitatu. Cha kwanza ni cha Mwenyekiti, cha kati ni cha Katibu, cha mwisho ni cha Mweka Hazina. Mmoja anapochapa chake, wengine wote tunageukia ukuta kwa adabu, kama watu wanaompisha mtu avae. Mimi mwenye tovuti sina hata herufi moja.

Wakachapa kwa zamu, tukageuka kwa zamu, na paneli ikafunguka. Nikawaonyesha ukurasa wa rekodi. Ni jedwali tu, lenye jina upande mmoja, aina ya rekodi katikati na jibu upande wa pili. Vichwa vitatu vikaisogelea laptopu.

Sasa lazima niseme kwamba matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka siku chache kabla. Karatu nzima ilikuwa inasoma majedwali. Watu ambao hawajawahi kusoma hata risiti ya umeme walikuwa wanapeleka kidole mstari kwa mstari wakitafuta watoto wa majirani. Mtoto wa Katibu alikuwa amepata D nyingi na, kwenye Hesabu, X. Katika matokeo yetu X maana yake mtahiniwa hakuonekana kwenye chumba cha mtihani. Nyumbani, siku ya Hesabu, kijana aliaga, akanywa uji, akabeba rula.

"A," alisoma Mwenyekiti. "A nyingine. Vizuri. Hii C ni ya nani?"

"Hiyo ni CNAME, Mwenyekiti. Si alama ya mtihani. Inasema jina hili ni jina jingine la lile pale juu."

"Lakabu," alisema Mweka Hazina.

"Hasa, mama. Lakabu."

"C ni C," alisema Katibu. "Na huyu mwenye X?"

Nilifungua mdomo kueleza kwamba MX ndiyo inayowaambia watu barua za kambi zipelekwe wapi, kwa sababu barua zetu hazikai nyumba moja na tovuti. Tangu mwanzo zinatunzwa na kampuni nyingine. Kabla sijatamka neno, laptopu ikalia. Chaji ilikuwa imebaki asilimia nne, na chaja ilikuwa dukani.

"Naifuata kwa bodaboda," nilisema. "Tafadhali msiguse kitu."

"Tuguse nini, Mtaalamu?" alisema Mwenyekiti. "Sisi tunakunywa chai."

Niliporudi, laptopu ilikuwa imezimika, chai imekwisha, na kikao kimefungwa kwa sala. Mweka Hazina alikuwa amesimama getini akiinua simu yake kama mtu aliyeokota noti.

"Mahema hayo! Na jogoo! Umeona? Tulipoondoa uchafu tu, ikaja."

"Uchafu gani, mama?"

"Muulize Katibu. Umo kwenye muhtasari."

Nilimuuliza Katibu. Aliniambia ajenda zimefungwa, na kwamba muhtasari husomwa katika kikao kinachofuata, vinginevyo hakuna haja ya kikao kinachofuata. Nikaomba paneli ifunguliwe tena. Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka kwenda kununua zawadi za safari. Binti yake aliyeolewa Wasso alikuwa amejifungua, na alitaka kwenda kumwona mjukuu.

Nilifanya kile ambacho kila kijitabu kinashauri. Kutoka anwani yangu nilituma barua ya majaribio kwenda kambini. Shemeji akanipigia kuniambia imefika. Nikaitazama tovuti kwa laini zote mbili, ilikuwa inafunguka. Nikaridhika. Nilichokisahau ni kwamba maduka hukumbuka majibu, na majibu ya rekodi zetu yalikuwa yamepangiwa kukumbukwa kwa saa nne. Barua yangu ilikuwa imeelekezwa na kumbukumbu ya duka, si na rekodi. Rekodi yenyewe ilikuwa imeshazikwa, na mimi nilikuwa nimeamkiwa na kivuli chake.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, shemeji aliingia dukani kwangu na aproni. Alikuwa ametembea kutoka kambini bila kuivua, na simu alikuwa ameishika mbali na mwili, sauti imefunguliwa.

"Rudia, mama," alisema kwenye simu. "Rudia asikie shemeji yangu."

"Mkataba umerudi," ilisema sauti ya wakala, kwa Kiswahili cha Arusha kilichopigwa pasi. "Nimetuma jana, umerudi. Nimetuma leo, umerudi. Inasema hakuna mtu mwenye anwani hii."

"Mimi nipo! Nimetoka kukaanga vitunguu sasa hivi!"

"Najua upo, mama. Ni kompyuta yetu ndiyo haijui."

"Tuma kwa WhatsApp."

"Haikubali. Ukipokea, unabonyeza na kusaini kwa anwani iliyosajiliwa tu. Na kesho saa moja jioni ya huko kwenu tunafunga ofisi. Bosi wangu ana kambi nyingine mkononi, iko Mto wa Mbu. Tafadhali fanyeni haraka."

Nikakaa kwenye kompyuta ya duka na kuuliza DNS, hadharani, kama mgeni yeyote: barua za kambi yetu zinakwenda wapi? Jibu lilikuwa tupu. A ilikuwepo, CNAME ilikuwepo, TXT ilikuwepo. MX haikuwepo. Barua ikikosa MX hubisha kwenye mlango wa A, yaani kwenye kompyuta inayotunza tovuti, na ile ilikuwa inajibu kwa ukweli kabisa kwamba hapa hakuna mtu kama huyo.

Tulikwenda duka la pembejeo kwa miguu, shemeji akiwa mbele. Katibu alikuwa anampimia mtu dawa ya viwavi.

"Shemeji yako amefika na aproni," aliniambia. "Kuna msiba?"

"Bado," alisema shemeji. "Jumanne mlifuta nini?"

Katibu akafunga kopo la dawa taratibu, akanawa, akafuta mikono. "Tulijadili kwa kina. Kulikuwa na mwenye X. Katiba inasema mjumbe asiyehudhuria vikao vitatu anafutwa. Huyu tulimuuliza Mwenyekiti, hamjui. Tukamuuliza Mweka Hazina, hamjui. Hajawahi kuonekana kwenye kikao hata kimoja. Kura zilikuwa tatu kwa sifuri."

"Mlimfutia utoro," nilisema.

"Tusingefuta, ingekuwa upendeleo. Wangapi wanabebwa hivyo hivyo nchi hii? Lakini hatukuwa wakatili. Yule TXT tulimwacha. X yake iko katikati, huenda alichelewa tu."

Shemeji alisogea mpaka kwenye kaunta. "Baba," alisema, kwa sauti ambayo huitumia kwa mtu anayegusa chungu cha moto, "yule uliyemfuta ndiye posta. Mkataba wangu umerudi Ulaya mara mbili kwa sababu umefukuza posta. Kesho jioni nikikosa, mimi sina kazi, na wewe una malori."

Sitasema Katibu alikuwa upande wa malori. Aliwahi tu kusema kikaoni kwamba lori halidai chai ya maziwa. Lakini siku ile alifunga duka saa ya biashara, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na kumpigia Mweka Hazina atoke shambani. Kabla ya saa tano wote wanne tulikuwa kambini, kwenye lile lile benchi, tukiwa na theluthi mbili za neno la siri. Theluthi ya kwanza ilikuwa imepanda basi la Wasso asubuhi hiyo.

Nilijaribu kwanza njia ya heshima. Chini ya mlango wa paneli kuna maneno yanayouliza kama umesahau neno la siri. Nikabonyeza. Paneli ikanijibu kwa upole kwamba imetuma maelekezo kwenye anwani iliyosajiliwa. Anwani iliyosajiliwa ilikuwa ya kambi. Maelekezo yalikuwa yamekwenda kubisha kule kule ambako mkataba ulibisha.

Nikapigia kampuni inayotutunzia tovuti. Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa mwema sana.

"Hakuna shida kabisa, mzee wangu. Andika barua yenye kichwa cha kikundi, watia saini watatu, mhuri. Piga picha, tutumie."

"Niitume wapi?"

"Popote, ilimradi itoke kwenye anwani yenu ya barua pepe iliyosajiliwa. Ni kwa usalama wako, mzee wangu."

"Na nikituma, jibu mtalileta wapi?"

"Hapo hapo."

Nilimshukuru. Ulikuwa usalama wa hali ya juu; hata wenye mali tusingeweza kujiibia.

Ikabaki simu ya Mwenyekiti. Basi lilikuwa limeshapita geti la Ngorongoro, limemaliza ukungu wa ukingoni na kuanza kushuka upande wa pili, ambako mtandao hupatikana kwa neema. Mara ya tatu ikaita. Kelele za basi zikajaa kwenye spika, vyuma, kuku, mtoto analia.

"Mwenyekiti, shikamoo," nilisema.

"Marahaba! Niambieni, malori yamekuja?"

"Hapana, mzee. Tunaomba kipande chako cha paswedi. Barua za kambi zimekwama."

Akajibu kwa sauti ya chini ambayo ndani ya basi lazima ilikuwa ya juu: "Hapa kuna watu."

Tukasikia sauti ya abiria: "Sema tu, mzee. Sisi hatuna tovuti."

Kicheko kikapita basi zima.

"Katiba hairuhusu," alisema Mwenyekiti. "Ni mbele ya kikao."

"Kikao ndio sisi," alisema Mweka Hazina. "Katibu yupo, mimi nipo, na wewe upo kwa mdomo. Sema."

"Basi nitasema kwa mafumbo. Ni jina la ng'ombe wangu."

"Yupi? Unao wengi na majina yao yanafanana na ya wakwe zako."

"Yule mweusi. Wa mwaka ule wa mvua nyingi."

"Aliyekula kitenge changu kwenye kamba?"

"Huyo huyo."

"Namjua huyo mpaka ukoo," alisema Mweka Hazina, na akaninong'oneza. Nikaandika.

"Herufi ya kwanza kubwa au ndogo, mzee?" niliuliza.

"Kubwa! Alikuwa dume."

Basi likacheka tena. Abiria mwingine akauliza kama huyo dume bado anauzwa.

"Na baada ya jina kuna kingine?"

"Kuna. Mwishoni kabisa niliweka..." Sauti ikakatika. Tulipiga tena na tena, na mwanamke wa kwenye mashine akatueleza mara zote kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

Katibu alitaka tukisie. Nikamwambia paneli hii ukikosea mara tatu inajifunga nusu saa, na ukiendelea inajifunga siku nzima, kwa sababu inadhani wewe ni mwizi. Tukajaribu mara moja, bila chochote mwishoni. Ikakataa. Katibu akasema labda ni mwaka wa kuzaliwa kwa dume. Shemeji akafunika laptopu kwa kitambaa cha mikate na kusema hakuna atakayeigusa mpaka basi liongee. Kisha akaingia jikoni. Tukamsikia akikata kabeji kwa nguvu ambayo kabeji haikuistahili.

Saa tisa alasiri simu yangu ikaita, namba nisiyoijua. Alikuwa kijana mwenye lafudhi ya Kimaasai.

"Wewe ni wa tovuti ya mzee?"

"Ndiyo, kaka."

"Simu yake imekufa chaji. Tuko Wasso, tumeshuka sasa hivi. Anasema hivi: mwisho weka nukta."

"Nukta moja?"

Akamuuliza, akarudi. "Moja. Anasema mwalimu wake alimfundisha usimalize neno bila nukta. Basi zima tumebishana njia yote, wengine walisema ni alama ya mshangao. Na mzee anataka kujua, wakati mnaandika, mliangalia ukuta?"

"Mwambie tuliangalia."

Hatukuangalia. Dume likaingia na nukta yake, Katibu akachapa chake, Mweka Hazina akachapa chake, na paneli ikafunguka. Nikabonyeza kuongeza rekodi, nikachagua MX, nikaandika jina la kompyuta inayotunza barua zetu. Kuna kisanduku cha kipaumbele, nikaweka kumi. Katibu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo kumi ni maksi?"

"Ni zamu. Zikiwa posta mbili, yenye namba ndogo ndiyo inaanza."

"Kama nafasi darasani. Wa kwanza ana namba ndogo."

"Hasa hivyo."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Sasa hilo mtu angelielewa. Wangeiita hivyo tangu mwanzo."

Shemeji aliuliza kama imekwisha. Ilibidi nimwambie ukweli. Maduka hayakumbuki majibu ya "yupo" tu, yanakumbuka pia jibu la "hakuna". Kompyuta ya wakala ilikuwa imeuliza asubuhi ile, ikaambiwa barua zetu hazina posta, na kwa mpangilio wa kampuni yetu mpya jibu la "hakuna" huaminiwa siku nzima. Mpaka kesho asubuhi, tena labda zaidi, Uholanzi ingeendelea kuamini kwamba hatupo, hata sisi tukipiga kelele kiasi gani.

"Kwa hiyo 'ndiyo' inasahaulika baada ya saa nne," alisema, "na 'hapana' inakaa siku nzima."

"Ndivyo ilivyopangwa, shemeji."

"Hiyo kompyuta imeolewa Karatu," alisema, akarudi jikoni.

Ijumaa saa nne asubuhi wakala alituma. Ikarudi. Saa sita akatuma. Ikarudi. Saa saba akapiga simu, na sauti yake ilikuwa imepungua pasi. Bosi wake alikuwa amechoka kungoja. Kundi la Juni alikuwa ameshalipeleka Mto wa Mbu. La Agosti alikuwa amelikalia wakala mwenyewe, lakini bosi akirudi kutoka chakula cha mchana atamwinua. Shemeji hakulia wala hakubembeleza. Alimwambia, "Nimekuelewa, mama. Tuma tena ukipata nafasi," akaweka simu juu ya meza ya kukandia unga na kuendelea kukanda chapati ambazo hazikuwa na mgeni wa kuzila.

Mweka Hazina alikuja na kukaa. Katibu alikuja na kusimama. Yule mwenye malori naye alipita kwa bahati mbaya, kama alivyosema, akapima geti kwa hatua zake kisha akaomba maji ya kunywa. Shemeji alimpa maji na chapati, kwa kuwa njaa ya mtu haina uhusiano na biashara yake. Alikula mbili na kuuliza kama madereva wake wangeweza kuzipata.

Saa tisa na robo simu ikatetemeka kwenye unga.

Shemeji aliifuta kwa aproni, akaisoma yote tangu juu, mkataba mzima, midomo ikicheza. Hakuna aliyethubutu kumwambia aharakishe. Alipofika chini aliandika jina lake kwa kidole kwenye kioo, akabonyeza, akangoja mpaka neno la kukubaliwa likatokea. Kisha akakaa chini sakafuni, pale pale, mgongo kwenye gunia la mkaa, na kumwambia Mweka Hazina, "Agosti. Walimu kumi na watano."

"Malori?" aliuliza Katibu.

"Yapite," alisema shemeji. "Barabara ni ya serikali."

Jumamosi mkutano mkuu ulikaa. Mkataba ulikuwa mmoja, na makubaliano yalisema mkataba wowote, hivyo kambi ikabaki kambi. Shemeji aliomba jambo moja tu, kwamba neno la siri la paneli liwe lake peke yake. Hoja ilipingwa kwa kuwa inakiuka katiba, ikajadiliwa, ikaundiwa kamati ndogo ya watu watatu. Hapo yeye akawaambia kwamba alikuwa ameshalibadilisha tangu Ijumaa jioni, kwa kubonyeza yale maneno ya "umesahau" na kupokea maelekezo kwa barua ya kambi, na kwamba kamati inaweza kuendelea. Inaendelea hadi leo, na chai inanywewa.

Ikabaki hasara ya kundi la Juni, ambayo lazima iingie kwenye vitabu. Mweka Hazina alifungua fomu ya hesabu za mwaka, ile tuliyopewa na wafadhili wa vikundi vya wilayani, yenye vichwa vinne tu vya hasara: wizi, moto, mvua, na magonjwa ya mifugo. Katibu alipendekeza wizi, lakini hakukuwa na mwizi. Mwenyekiti, kwa simu kutoka Wasso, alipendekeza magonjwa ya mifugo kwa heshima ya dume. Baada ya saa nzima tulipiga kura, nami nilipiga pamoja na wengine, tukaiandika chini ya mvua, katika mwezi ambao halikuwa limedondoka tone: shilingi milioni nne, laki sita na themanini elfu.